Maana na Asili ya Neno "Root For", na Maneno Mengine ya Kutiana Moyo

Wengi wetu husoma Kiingereza, na vijana wetu hukisikia kila siku katika redio na katika simu zao. Tena walimu wa dini mara nyingi huombwa kufasiri barua au hotuba ya mgeni, nao hawapati nafasi ya kufungua kamusi mbele ya watu. Maneno yenye kumshinda mfasiri si yale marefu yenye elimu nyingi, kwa maana hayo hujua ya kuwa hayajui, akauliza. Yenye kumshinda ni yale mafupi, ambayo kila moja peke yake ni jepesi, lakini yakifungwa pamoja hupata maana nyingine kabisa.

Sisi nasi tunayo maneno ya namna hiyo. Tukisema kwamba mtu "amepiga moyo konde", mgeni aliyejifunza Kiswahili katika kitabu atafikiri pana ngumi na pana aliyeumia. Kumbe hakuna aliyepigwa. Maana yake ni kwamba mtu yule amejikaza, amekataa kuogopa. Basi kama vile mgeni anavyoweza kupotea katika maneno yetu, ndivyo nasi tuwezavyo kupotea katika ya kwake.

Katika somo hili twataka kutazama neno moja la Kiingereza, ambalo hutumiwa sana na watu wa Marekani wanapomtia mtu moyo. Neno lenyewe ni "root for". Tutauliza maana yake, tutatafuta asili yake, kisha tutalilinganisha na ndugu zake wachache, ili tujue ni neno gani la Kiswahili lifaalo kuwekwa mahali pake.

1. Maana yake

Tuseme kijana mmoja anajitayarisha kwa mtihani. Rafiki yake aliye Marekani amwandikia, "I am rooting for you." Kijana afungua kamusi, aona kwamba "root" ni mzizi wa mti. Atazama chini kidogo, aona kwamba ni kitendo pia, maana yake kufukua udongo kwa pua kama afanyavyo nguruwe. Sasa afikiri nini? Je, rafiki yake anamfukulia mizizi?

Maana ya maneno yale ni hii: "Niko upande wako. Natamani kwa moyo wote ushinde, na shida yako naiona kama yangu." Ukiyatazama vizuri utaona mambo matatu ndani yake.

La kwanza, asemaye hivyo amechagua upande. Si mtazamaji tu aliyekaa ukingoni, ambaye kwake ni mamoja nani ashinde na nani ashindwe.

La pili, neno hili husemwa kabla mwisho haujajulikana. Mtihani haujafanywa, mashindano hayajakwisha, mgonjwa hajapona bado. Mtu akiisha kushinda, Mwingereza na Mwamarekani hawasemi tena "root for". Husema maneno ya pongezi.

La tatu, si lazima pawe na kelele. Neno lilizaliwa katika kelele, kama tutakavyoona, lakini siku hizi mtu aweza kukaa kimya chumbani mwake, akasema kwamba yu katika "kuroot" kwa ajili ya jirani yake aliye hospitali.

Kwa sababu hiyo neno letu "kushangilia" halitoshi kila mahali. Mpira unapochezwa, kweli twasema watu wanaishangilia timu yao, na hapo neno lafaa sana. Lakini mara nyingi kushangilia kwetu ni kazi ya furaha, na furaha hiyo huja baada ya jambo jema kuonekana. Twamshangilia bibi arusi, twamshangilia aliyerudi salama, twaushangilia ushindi. Mtu akienda kumwambia mgonjwa, "Nakushangilia," mgonjwa atashangaa, tena huenda akachukizwa. Hapo yafaa kusema, "Niko pamoja nawe," au, "Nakuombea upone." Kwa yule kijana wa mtihani yafaa, "Nakutakia heri, niko upande wako."

Tena tuliangalie lile neno dogo "for". Bila hilo, "root" ni kufukua tu. Likifuatwa na neno jingine dogo, yaani "out", maana yake ni kung'oa kabisa, hata mzizi usibaki. Basi mtu akikosea neno hilo moja tu, aliyetaka kusema kwamba anamwunga mkono mkuu wa shule atakuwa amesema kwamba anataka kumng'oa! Wazee wetu walisema kweli: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Jambo hili Mswahili aweza kulielewa upesi, kwa kuwa lugha yetu hufanya vivyo hivyo, ila haitumii neno la pembeni, hugeuza mwisho wa kitenzi. Kupigana ni kupigana. Bali kupigania ni kupigana kwa ajili ya mtu au jambo. Kuomba na kuombea si sawa. Kulia na kulilia si sawa. Ile "for" ya Kiingereza yafanya kazi ya "-ia" na "-ea" zetu. Huelekeza nguvu za mtu kwa mwenzake.

2. Asili yake

Neno "root" kwa maana hii si la zamani sana. Lilianza kuonekana katika maandishi ya Marekani mnamo mwaka 1889, na mahali lilipoanzia ni katika mchezo wa besiboli. Mchezo huo ni wa mpira mdogo mgumu na gongo la mti. Kila upande una wachezaji tisa. Katika miaka ile mchezo huo ulikuwa umependwa sana mijini, na watu walikuwa wakilipa kiingilio ili waketi na kutazama. Wale waliopiga kelele kwa ajili ya upande wao waliitwa "rooters". Neno likaenea zaidi kwa sababu ya wimbo uliotolewa mwaka 1908, ambao maneno yake yalitungwa na Jack Norworth na sauti yake na Albert Von Tilzer. Wimbo ule waitwa "Take Me Out to the Ball Game", na hata leo Wamarekani huuimba kiwanjani kabla mchezo haujaisha.

Lakini je, neno lilitoka wapi hata likafika kiwanjani? Wataalamu wa lugha wana maelezo mawili.

Maelezo ya kwanza ni ya nguruwe. Katika Kiingereza cha kale palikuwa na kitenzi "wrotan", maana yake kufukua kwa pua. Wamarekani wa karne ya 19 walikuwa na desturi ya kuwaacha nguruwe wao wajitafutie chakula msituni, nao wakawa na methali ya kumwambia nguruwe afukue, la sivyo atakufa; yaani kila mtu na ajitahidi mwenyewe. Kisha katikati ya karne ile neno hilo likaanza kutumiwa kwa mtu anayefanya kazi au kusoma kwa bidii sana, kana kwamba ameinamisha kichwa na kufukua. Kwa maelezo haya, "rooter" wa kwanza ni mtu aliyefanya kazi kwa ajili ya timu yake: yeye hakuushika mpira, lakini alitoka jasho kama wale walioushika.

Maelezo ya pili ni ya ng'ombe. Huko Uskoti na kaskazini ya Uingereza pana neno "rout", ambalo lilitoka katika lugha ya watu wa Skandinavia, na maana yake ni kulia kwa sauti kubwa kama ng'ombe dume. Watu wengi wakipaza sauti pamoja kiwanjani, kweli mlio wao hufanana na wa kundi la ng'ombe.

Baadhi ya kamusi huelekea maelezo ya kwanza, na nyingine huelekea ya pili. Lakini katika yote mawili mzizi wa mti haumo! Watu wengi, hata Wamarekani wenyewe, hudhani kwamba "root for" ni kusimama imara kama mti wenye mizizi. Ni wazo zuri, lakini si asili ya neno. "Root" ya mzizi ililetwa Uingereza na watu wa Skandinavia. "Root" ya kufukua ilikuwako Uingereza tangu kale. Yamefanana sauti tu, kama vile kwetu paa wa porini na paa la nyumba.

3. Mashindano ya mwaka 1903

Ili tuone nguvu ya neno hili, na hatari yake pia, tutazame habari moja ya kweli.

Mwaka 1903 bingwa wa ligi moja ya besiboli ya Marekani alikutana na bingwa wa ligi nyingine, na hayo ndiyo mashindano ya kwanza ya yale yaitwayo World Series. Timu moja ilitoka Boston, ya pili ilitoka Pittsburgh. Ilipatanwa kwamba atakayeshinda michezo mitano ndiye bingwa. Baada ya michezo minne, Pittsburgh walikuwa wameshinda mitatu, Boston mmoja tu.

Boston walikuwa na kundi la washangiliaji walioitwa Royal Rooters, na kiongozi wao mashuhuri alikuwa Michael McGreevy, mwenye duka la pombe. Watu hawa hawakungoja timu yao irudi nyumbani. Walisafiri nayo mpaka Pittsburgh, wakaketi kati ya wenyeji na bendi yao, wakaimba. Walichagua wimbo mmoja wa mapenzi wa siku zile uitwao "Tessie", wakaurudia tena na tena bila kuchoka. Boston wakashinda mchezo wa tano, na wa sita, na wa saba, na wa nane, wakatwaa ubingwa kwa michezo mitano kwa mitatu.

Je, wimbo waweza kushinda mchezo? Miaka mingi baadaye mchezaji mmoja wa Pittsburgh, Tommy Leach, aliyekuwa mzee sasa, alihojiwa na mwandishi Lawrence Ritter, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1966. Leach aliungama kwamba wimbo ule uliwasumbua sana, hata akaona kuwa washangiliaji wa Boston walikuwa na sehemu yao katika ushindi ule. Hayo ni maneno ya mtu aliyekuwa upande wa pili, wala hakuwa na sababu ya kuwasifu.

Lakini habari ile ina sehemu nyingine, nayo haipendezi vivyo hivyo. Royal Rooters hawakuimba wimbo ule kama ulivyoandikwa. Waliyageuza maneno yake, wakaweka majina ya wachezaji wa Pittsburgh ili kuwadhihaki. Aliyedhihakiwa zaidi ni Honus Wagner, mchezaji hodari kuliko wote wa upande ule, ambaye mwaka huohuo alikuwa amewapita wote wa ligi yake katika kupiga mpira. Katika mashindano haya hakuonyesha ustadi wake wa siku zote.

Hapo twaona kwamba sauti ileile yaweza kufanya kazi mbili. Yaweza kumwinua mchezaji wetu, na yaweza kumwangusha wa wenzetu. Aimbaye huenda asijue ni wakati gani ameacha kazi ya kwanza na kuanza ya pili.

4. Neno moja, maana mbili zinazopingana

Jambo hilo laonekana wazi zaidi katika neno jingine. Huko Australia watu hawasemi "root for". Katika nchi ile neno "root" lina maana chafu, isiyofaa kuandikwa hapa, na mtu akilitamka mbele ya watu wazima atawaaibisha. Hili tumelitaja ili msomaji ajihadhari akiandikiana barua na Waaustralia. Wao husema "barrack for", maana yake ni ileile ya kuwa upande wa timu fulani.

Watu wengi wa huko hudhani kwamba neno hilo limetoka katika kambi za askari, kwa kuwa "barracks" ni kambi. Lakini wataalamu huona kwamba laelekea kutoka Ireland ya Kaskazini, ambako lilikuwa na maana ya kujisifu au kujigamba. Kwa Waaustralia, "to barrack for" timu ni kuiunga mkono. Kwa Waingereza, "to barrack" mtu ni kumzomea. Neno ni moja, asili ni moja, ila katika nchi moja ni kutia moyo, katika nchi nyingine ni kuvunja moyo. Na yote mawili yametoka katika majigambo. Ajigambaye kwamba watu wake ni hodari hukaribia sana kusema kwamba watu wa wenzake si kitu.

5. Neno lenye makali

Tena liko neno "egg on". Mwanafunzi akilitazama huona "egg", yaani yai, naye hufikiri habari za jikoni. Lakini yai halimo katika neno hili.

Kuanzia karne ya 9 watu wa Skandinavia walihamia Uingereza, wakakaa, na maneno yao mengi yakaingia katika Kiingereza. Walikuwa na neno "egg", maana yake makali ya kisu au ya upanga, ambalo ni ndugu wa neno la Kiingereza "edge". Kutokana na hilo walikuwa na kitenzi "eggja", yaani kumtia mtu makali, kumsukuma atende. Basi "to egg on" ni kumnoa mtu kama kisu. Ni kweli kwamba lile neno la yai nalo limetoka kwa watu haohao, lakini ni neno jingine.

Watu wa Iceland, ambao ni wa ukoo mmoja na wale, waliandika masimulizi mengi katika karne ya 13. Katika moja lao, liitwalo masimulizi ya Njal, yuko mjane jina lake Hildigunn, ambaye mumewe aliuawa. Alikuwa ameitunza nguo aliyouawa nayo mumewe, pamoja na damu iliyokauka. Amu yake aitwaye Flosi alipofika nyumbani kwake, alimtupia nguo ile mabegani, damu ikamwagika, akamtaka alipe kisasi. Flosi alikasirika, kwa maana alitamani kesi ile iishe kwa njia ya sheria. Lakini neno lilikuwa limekwisha kumchoma. Mwisho wake ni kwamba yeye na wenzake waliichoma moto nyumba ya Njal, na mzee yule akafa humo pamoja na mkewe na wanawe.

Ndiyo maana hata leo Mwingereza akisema "egg on", mara nyingi ni kwa jambo baya au la kipumbavu. Wavulana humsukuma mwenzao aruke ukuta mrefu, au watu humzunguka mwenye hasira wakimwambia, "Mpige! Waogopa nini?" Kiswahili chetu kina neno lake halisi, nalo ni kuchochea. Kuni zikichochewa, anayeungua si yule aliyezichochea.

Hapa pana jambo la ajabu kidogo. Wajerumani nao, wanaposhangilia timu, husema "anfeuern", na ndani yake mna "Feuer", yaani moto. Kwao kumwasha mtu moto ni kumtia nguvu, ni sifa njema. Kwetu, ukisema fulani amewachochea watu, umemshitaki. Basi mfasiri asidhani kwamba mfano uleule una uzito uleule katika kila lugha. Moto ni moto kila mahali, lakini kila taifa limeuweka mahali pake katika maneno yao.

6. Neno la uso

Neno la mwisho ni "cheer", na ndilo linalojulikana zaidi. Leo "to cheer" ni kupaza sauti ya shangwe, na "to cheer on" ni kumpigia kelele mtu aendelee. Lakini hapo mwanzo halikuwa na sauti yoyote. Liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, "chiere", nalo lilitoka katika Kilatini cha baadaye, "cara", na maana yake ni uso. Hata Shakespeare, katika mchezo alioutunga mnamo mwaka 1595, alilitumia kwa maana hiyo, alipomtaja msichana mwenye uso uliopauka.

Kutoka katika uso, neno likahamia katika hali ya moyo, kwa kuwa moyo wa mtu huonekana usoni. Mwenye "good cheer" alikuwa mtu mwenye uso mwema, yaani asiye na hofu. Ndipo, katika karne ya 18, likahamia katika sauti ya watu wanaotaka kuuchangamsha uso wa mwenzao.

Wasomaji wetu wanaosoma Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 wamelikuta neno hili mara nyingi, na kabla ya Biblia ile William Tyndale alikuwa amelitumia katika Agano Jipya lake la mwaka 1526. Katika Mathayo 9:2, Bwana alipomwambia yule aliyepooza, Kiyunani kina neno la kumwambia mtu awe na ushujaa. Tyndale aliandika habari ya uso mwema. Luther katika Kijerumani aliandika "getrost", neno lililo ndugu wa neno lao la faraja. Katika Kiswahili tumezoea kusema habari ya moyo. Ushujaa, uso, faraja, moyo: lugha nne, njia nne, na wote wamefika mahali pamoja. Hakuna hata mmoja aliyefasiri neno kwa neno, wala hakuna aliyepotea.

Tena tuutazame mfano wa Matendo ya Mitume sura ya 27. Watu 276 walikuwa katika merikebu, na tufani imewachukua siku nyingi. Jua halionekani, wala nyota. Hapo ndipo Paulo alipowatia moyo, na Biblia ile ya Kiingereza hutumia neno la "good cheer". Angalieni wakati wake. Merikebu haijafika pwani, wala hakuna aliyeokoka bado. Kama Paulo angaliwangojea mchangani ndipo aseme nao, maneno yake yangekuwa pongezi tu.

7. Maneno yetu wenyewe

Sasa tuyapange maneno yetu, ili kila moja likae mahali pake.

Kushangilia ni kwa furaha, na kwa mchezo. Kupongeza ni kwa aliyekwisha kufanikiwa. Kuhimiza ni kumsukuma mtu asichelewe, na huenda pasiwe na upendo ndani yake. Hata msimamizi mkali huhimiza. Shime ni mwito wa kuwaita wengi katika kazi moja, na asemaye "shime" yampasa naye aitie mkono kazi ile. Kushajiisha ni neno la pwani lenye asili ya Kiarabu, la mzizi mmoja na shujaa. Maana yake kumfanya mtu awe shujaa. Kuchochea tumekwisha kukuona. Na kutia moyo ndilo neno letu kubwa kuliko yote.

Neno hili, kutia moyo, halikuazimwa kwa mtu, walakini lina mwenzake mbali. Kiingereza "encourage" kilitoka Kifaransa, na Kifaransa kilitoa katika neno la Kilatini "cor", maana yake moyo. Basi waliosema Kilatini na waliosema Kiswahili, pasipo kukutana, waliona jambo moja: mwenye hofu ni kama mtu aliyetokwa na moyo wake, na mwenzake aweza kumrudishia.

Basi tukirudi kwa "root for", twaweza kulifasiri hivi. Kiwanjani, sema "kushangilia". Kwa mwenye safari, mtihani au ugonjwa, sema "kuwa upande wake", au "kumtakia heri", au "kumwombea". Kwa anayekaribia kukata tamaa, sema "kumtia moyo". Mfasiri na aulize kwanza: Je, mwisho wa jambo hili umekwisha kujulikana? Ukiwa haujajulikana, ni "root for". Kisha na aulize: Je, neno hili lamwinua huyu tu, au linanolewa juu ya mwingine? Likinolewa, si kutia moyo tena, hata watu wakilisema kwa nyimbo na vigelegele.

Maswali haya mawili hayamfai mfasiri peke yake. Ni rahisi kumpigia vigelegele aliyekwisha kufika. Mwanafunzi aliyefaulu hupata jamaa wengi siku ile ya matokeo, na wengine hawakuwahi kumwuliza hata mara moja alikuwa akisoma kwa taa gani. Lakini yeye hamsahau yule mmoja aliyemwambia "niko upande wako" siku alipokuwa hajui atafaulu au atashindwa. Wamarekani walichukua neno la mnyama anayefukua udongo, wakaliweka hapo, nalo lafaa, kwa maana mwenye kufukua hufanya kazi kabla ya kukiona chakula.

Maswali ya kujifunza

1. Kuna tofauti gani kati ya kumshangilia mtu na kumtia moyo? Toa mfano wa kila moja katika mambo ya kijiji au mtaa wako.

2. Kwa nini si vema kufasiri "root for" kwa neno la mzizi?

3. Washangiliaji wa Boston mwaka 1903 walifanya mambo mawili kwa wimbo mmoja. Yataje, ukaseme ni lipi la kuigwa.

4. Taja jambo moja ambalo mwenzako analo mkononi sasa, na ambalo mwisho wake haujajulikana. Ungemwambia neno gani kwa Kiswahili?